Filamu za Kwanza za Sauti na Ustadi wa Kunyamaza

Waandishi wengi wa historia ya sinema wakifika katika miaka ya 1927 hadi 1931 huanza kuomboleza. Husimulia kwamba filamu bubu zilikuwa zimekwisha kukomaa, kwamba kamera ilikuwa imejifunza kutembea, kupanda na kuelea, na kwamba waigizaji walikuwa wamejua kusema kwa jicho na kwa bega. Ghafla kikaja kipaza sauti, kikaitia kamera pingu, na tamthilia ya filamu ikarejea kuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha. Maelezo hayo yana ukweli wake, nami sitayabeza. Hata hivyo yanaliacha jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi. Katika miaka hiyohiyo michache, waongozaji wasiozidi wa kuhesabika, wa Berlin, London, Paris na New York, waligundua kwamba sauti imewapa njia ya pili ya kusimulia, ambayo inaweza kuachana na picha, kuitangulia, kuipinga, au kukatika kabisa huku picha ikiendelea. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba nguvu ya tamthilia bora za wakati ule inatokana na yale ambayo waongozaji walikataa tuyasikie au tuyaone kwa pamoja, na kwamba filamu ya Fritz Lang iitwayo M, inayosimulia msako wa muuaji wa watoto na iliyozinduliwa Berlin tarehe 11 Mei 1931, ndiyo ushahidi ulio kamili kuliko mwingine wowote.

Ugumu wa kazi ulikuwa wa kweli. The Jazz Singer, iliyozinduliwa New York tarehe 6 Oktoba 1927 na ambayo hutajwa kila mara kuwa mlango wa enzi ya sauti, kwa sehemu kubwa ilikuwa bado filamu bubu yenye vibao vya maandishi. Sauti ya Al Jolson ilisikika katika nyimbo na katika vipande vichache vya mazungumzo. Mtambo wa Vitaphone ulioiwezesha uliweka sauti katika santuri yenye upana wa inchi 16, ikizungushwa sambamba na mkanda wa picha, na santuri moja ilibeba takriban dakika 11, yaani muda wa gombo moja la mkanda wa filamu. Santuri haikatwi kwa mkasi. Mhariri, ambaye filamu bubu zilikuwa zimempa uhuru wa kukata na kuunganisha atakavyo, akajikuta hana pa kuingiza mkono, na ndiyo sababu studio nyingi zikaanza kupiga tukio moja kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, ili apate walau picha za kubadilishana juu ya sauti ileile isiyokatika. Kamera zenyewe zilikuwa na kelele, zikafungiwa pamoja na wapigapicha wao ndani ya vibanda vyenye dirisha la kioo na joto la tanuri. Taa za kaboni zilikuwa zikivuma, nazo zikaondolewa. Ukitazama Lights of New York ya mwaka 1928, filamu ndefu ya kwanza iliyosemwa kwa mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho, utawaona wahusika wakikusanyika mahali ambapo kipaza sauti kimefichwa, wakizungumza polepole kama mashahidi mahakamani, kisha wakihamia penye kipaza sauti kingine ili waendelee. Watu walilipa kuitazama, na si haba. Walikwenda kusikia watu wa kwenye skrini wakisema, na kwa muda mfupi jambo hilo peke yake liliwatosha.

Hatari ya kuridhika na hilo ilitambuliwa mapema. Mwaka 1928 waongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein, Vsevolod Pudovkin na Grigori Alexandrov walitoa tamko lililoonya kwamba sauti ikitumiwa kuthibitisha tu kile kinachoonekana, itaua uhariri, na kwamba majaribio ya kwanza yalipaswa kuitenganisha sauti na picha kwa makusudi. Walisema hivyo kabla ya nchi yao kuwa na mitambo ya kutosha ya kulijaribu wazo lenyewe, kwa hiyo tamko lao linasomeka zaidi kama falsafa kuliko kama ufundi. René Clair wa Ufaransa alikuwa na macho ya kifundi zaidi. Baada ya kuitazama The Broadway Melody, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1929 ambayo kwa jumla ni ya kawaida tu, alichomoa tukio moja na kulisifu: tunauona uso wa Bessie Love akiwa dirishani, na tunasikia mlango wa gari ukifungwa na gari likiondoka. Gari hatulioni. Katika filamu bubu mhariri angelazimika kutupatia picha ya gari, kisha uso, kisha gari tena. Sasa uso unabaki mahali pake bila kukatizwa, na kuondoka kunasimuliwa na sikio. Clair alielewa kwamba hapo hakijaongezwa kitu juu ya picha. Kimeondolewa kimoja, na kuondolewa huko ndiko kulikoukuza uso.

Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alilipeleka wazo hilo mbele katika Sous les toits de Paris. Watu wanazungumza nyuma ya mlango wa kioo, nasi tunaona midomo ikicheza bila kusikia neno. Wanaume wanapigana gizani kandokando ya reli, na kishindo cha treni kinameza kila kitu. Ni filamu ya kupendeza, lakini nakiri kwamba namwona Clair humo kama fundi anayefurahia vyombo vyake vipya. Anaificha sauti kwa utani. Mchezo wake unachekesha, na mara chache tu unauma.

Josef von Sternberg, katika Der blaue Engel iliyozinduliwa Berlin mwezi Aprili mwaka 1930, alikaribia zaidi mahali pa maumivu. Profesa Rath, aliyeigizwa na Emil Jannings, anampigia mluzi ndege wake wa kwenye tundu wakati wa kifungua kinywa. Ndege hajibu, kwa sababu amekufa. Jibu ambalo halikuja ndilo linalotuarifu jinsi nyumba ya mtu huyu ilivyo tupu, na baadaye, anapoamka katika chumba cha mwimbaji Lola Lola na kumsikia ndege akilia, hahitajiki mtu wa kueleza ni kitu gani kimempata. Katika filamu hiyohiyo, mlango wa chumba cha kuvalia ukifunguliwa, kelele za ukumbi wa muziki humwagika ndani. Ukifungwa, hukatwa kama kwa kisu. Leo mtaalamu wa sauti angeupunguza muziki kidogo kidogo ili usikike kwa mbali. Sternberg aliukata kabisa, na ukali wa mkato huo unakifanya chumba kile kionekane kama dunia mbili zilizotengwa na ubao mmoja, ambamo profesa hana pake katika yoyote.

Nchini Marekani, Rouben Mamoulian, aliyetoka katika tamthilia za jukwaani na kupewa filamu yake ya kwanza, Applause, mwaka 1929, aligombana na mafundi wake juu ya tukio la mama anayemwimbia binti yake wimbo wa kumbembeleza huku binti akinong'ona sala. Alitaka vyote viwili visikike kwa pamoja. Ikabidi viwekwe vipaza sauti viwili, kila kimoja kikinasa katika mkondo wake, kisha mikondo hiyo ichanganywe. Mama ni mwimbaji wa vilabu duni, binti amelelewa na watawa. Wimbo na sala vinashindana katika sikio letu, na mgogoro wa filamu nzima unakuwa umekwisha kuwekwa mezani bila yeyote kumlaumu mwenzake. Huu ni usimulizi, na hauna uhusiano na usahihi wa kunasa maneno.

Alfred Hitchcock alikuwa na tatizo la aina nyingine. Blackmail ilianza kupigwa Uingereza, katika studio za Elstree, kama filamu bubu, kisha katikati ya kazi ikaamuliwa iwe na sauti. Mwigizaji mkuu, Anny Ondra, alikuwa na lafudhi ya Kicheki ambayo haikumfaa binti wa muuza duka wa Chelsea, na mbinu ya kuweka sauti nyingine baadaye ilikuwa haijawafikia. Suluhisho lilikuwa Joan Barry kusimama nje ya upeo wa kamera na kuyasema maneno huku Ondra akichezesha midomo. Kwa hiyo mwanamke tunayemwona katika filamu hiyo ya mwaka 1929 hana sauti yake mwenyewe, na mwenye sauti hana uso. Nadhani Hitchcock aliondoka na somo kutokana na usumbufu huo, ijapokuwa hakuna haja ya kudai kwamba alilipanga, kwani hadithi yenyewe inahusu mwanamke asiyeweza kusema.

Alice White, mhusika anayeigizwa na Ondra, amemuua kwa kisu msanii aliyejaribu kumbaka. Mauaji yenyewe hatuyaoni, yanafanyika nyuma ya pazia. Asubuhi yake anakaa mezani na wazazi, na jirani mmbea amesimama mlangoni akiongea juu ya mauaji yaliyogunduliwa usiku. Maneno ya jirani yanaanza kusongamana na kuwa mngurumo usioeleweka, isipokuwa neno moja, kisu, ambalo linachomoza kila mara likiwa safi na kali, mpaka baba anapomwomba Alice amkatie mkate na kisu kinamponyoka mkononi. Tukio hili limesifiwa sana, na aghalabu husifiwa kwa sababu isiyo ya msingi, kwamba Hitchcock alituingiza ndani ya kichwa cha mhusika. Ametuingiza, naam. Lakini tazama namna alivyofanya hivyo: aliyaharibu mazungumzo. Wakati ambapo kila kampuni ilikuwa ikitangaza kwamba filamu zake zinasemwa kwa ufasaha, yeye aliwalipisha watazamaji ili wasikie maneno yaliyokusudiwa yasisikike.

Mtazamaji makini ataona pia kwamba kila jaribio la kuusema ukweli katika Blackmail linakatizwa. Mlaghai anayemtoza Alice, akiwa amefukuzwa mpaka juu ya kuba la Jumba la Makumbusho la Uingereza, anaanguka kabla hajamaliza kumtaja mtu ambaye polisi walipaswa kumuuliza. Alice anapokwenda Scotland Yard kukiri, simu inalia mezani kwa mkubwa wa polisi, naye anaachiwa mpenzi wake, mpelelezi Frank, ambaye tayari anajua kila kitu na ana sababu ya kunyamaza. Huo ni uchungu wa kipekee wa filamu ya sauti. Katika filamu bubu, ukimya wa mhusika ulikuwa hali ya kawaida ya dunia nzima ya skrini. Ni pale tu watu wengine wote wanapoweza kusema ambapo kushindwa kusema kunakuwa tukio.

Na hapo ndipo pa kuingilia katika M, kwa sababu Lang aliuelewa ukimya kwa kina zaidi kuliko wote hao. Lazima ikumbukwe kwamba kumbi za filamu bubu hazikuwa kimya hata siku moja: palikuwa na mpiga piano au bendi nzima, na muziki ulijaza kila pengo. Mtazamaji wa mwaka 1925 hakuwahi kuwekwa mbele ya picha bila kusikia chochote, labda mpiga piano awe ameinuka. Filamu ya sauti ndiyo iliyompa mwongozaji uwezo wa kuukalisha ukumbi kimya kwa amri yake. Lang aliutumia uwezo huo bila woga. M haina muziki wa kusindikiza hata kidogo, na vipande kadhaa vya barabarani havina sauti yoyote, wala nyayo wala upepo. Askari na magari hupita kama katika ndoto, kisha filimbi moja inapasua hewa na kelele zote zinarudi kwa mpigo.

Sikiliza inavyoanza. Sauti ya mtoto inaimba wimbo wa kuhesabiana, unaotaja mtu mbaya anayekuja na kisu chake, kisha tunawaona watoto wamesimama duara uani. Mwanamke mmoja anakasirika kwamba wanauimba tena wimbo ule wa laana. Bi. Beckmann, mama yake Elsie, msichana ambaye muuaji atamchukua, aliyechoka kwa kufua, anamjibu kwamba maadamu watoto wanasikika wakiimba, walau tunajua bado wapo. Sentensi hiyo inapita kama mazungumzo ya kawaida ya majirani, na wengi hawaitilii maanani, ilhali ndani yake mna kanuni ya filamu nzima: anayesikika yupo. Dakika chache baadaye Lang anaigeuza kanuni hiyo dhidi ya mama yuleyule. Saa ya ukutani inagonga, meza imeandaliwa, watoto wengine wanapanda ngazi, Elsie hayumo. Mama anaita. Sauti yake inaendelea kuita jina la mtoto, na picha zinazotokea ni ngazi tupu zikionekana kutoka juu, dari lenye nguo zilizoanikwa, sahani na kiti visivyo na mtu. Kisha wito unakoma. Mpira unabingirika kutoka vichakani na kusimama. Puto lenye umbo la mtu linanasa katika nyaya za simu, linatetemeka na kupeperushwa. Hakuna mayowe wala damu. Mauaji yamesimuliwa kwa kukosekana kwa jibu.

Muuaji naye tumetambulishwa kwake kwa sauti. Elsie anadundisha mpira wake kwenye nguzo ya matangazo, ambapo bango linaahidi zawadi ya mark 10,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa mhalifu. Kivuli kinaliangukia bango hilo, na sauti ya upole inausifu mpira na kumuuliza mtoto jina lake. Kivuli na sauti, basi. Baadaye, mtaalamu wa miandiko anapoieleza tabia ya mtu aliyeandika barua gazetini, sauti yake ya kitaalamu inasikika huku tukimwona Hans Beckert, yaani Peter Lorre, akijitazama kwenye kioo na kuuvuta mdomo wake kwa vidole, kana kwamba anamtafuta yule anayeelezwa. Uso huo wa mviringo, laini, wenye macho ya mtoto aliyeonewa, hautupi chochote. Mwenye hatia hatambuliki kwa kutazamwa.

Anatambulika kwa mluzi. Beckert hupiga mluzi wa kipande cha muziki wa Edvard Grieg kwa tamthilia ya Peer Gynt kila tamaa inapompanda. Kwa maelezo ya Lang, mluzi huo aliupiga yeye mwenyewe kwa kuwa Lorre hakujua kupiga mluzi, kwa hiyo hapa tena sauti imeazimwa kwa mwili usio wake. Matumizi ya kipande cha muziki kumtambulisha mhusika yalikuwa mambo ya kawaida katika opera, na wapiga piano wa sinema waliyafahamu vema. Lang alichokifanya ni kuutoa muziki huo kwa wanamuziki na kuuweka mdomoni mwa mhusika, ambako unakuwa ushahidi. Mtu anayeutambua ni kipofu muuza maputo, aliyemuuzia puto mtu huyo siku Elsie alipouawa. Na Lang alikuwa amemwandaa kipofu huyo kwa tukio dogo la kuchekesha: amesimama karibu na kinanda cha mtaani kinachopiga vibaya, anaziba masikio, na sisi pia hatusikii kitu, anayaachia, kelele inarudi. Tumeazimwa masikio yake kwa sekunde chache, ili baadaye, mluzi utakapopita, tuamini kwamba masikio hayo hayakosei.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi filamu inavyoupanga upelelezi wenyewe katika safu mbili. Polisi wanafanya kazi kwa macho. Mkubwa wao anamweleza waziri kwa simu kila wanachokifanya, na sauti yake inapita juu ya picha za alama za vidole zilizokuzwa, ramani zilizochorwa duara, vichaka vinavyopekuliwa. Hiyo ni moja ya mifano ya mapema kabisa ya maelezo ya mdomo kutawala mfululizo wa picha zilizopigwa mahali pengine. Wahalifu wa mji, waliochoshwa na misako inayowaharibia biashara, wanaunda mtandao wa ombaomba waliosambazwa kila kona. Mikutano ya pande hizo mbili inasukwa pamoja: mkuu wa genge anaanza sentensi na ishara ya mkono, na mkubwa wa polisi katika chumba kingine anaimalizia. Maneno yanavuka ukuta ambao watu wenyewe wasingeuvuka hadharani, na tunabaki na wazo ambalo hakuna mhusika anayethubutu kulitamka, kwamba utawala na uhalifu vinafikiri kwa sarufi moja. Katika Ujerumani ya mwaka 1931 hilo halikuwa jambo dogo la kudokeza.

Haki itendeke: polisi nao wanafika. Inspekta Lohmann na watu wake wanakigundua chumba cha Beckert kwa sigara za aina fulani na alama za penseli nyekundu kwenye kingo ya dirisha. Ila wanalikuta dirisha, mtu hayupo. Macho yamefika kwenye chumba, sikio limefika kwa mwenye chumba, na lile herufi M la chaki begani mwa Beckert ni picha iliyozaliwa na sauti: kijana mmoja ameiandika kiganjani baada ya kipofu kumwambia amfuate mpiga mluzi. Hata kukamatwa kwake kunaletwa na kelele ndogo, pale anapogonga chuma gizani ndani ya stoo ya jengo la ofisi akijaribu kufungua mlango, na wavunjaji waliokuwa wakimsaka wanasimama kusikiliza.

Kuna pingamizi ambalo mtu anaweza kulitoa, tena la haki. Ikiwa filamu hizi zinasifiwa kwa kuyakwepa mazungumzo, je, si kwamba waongozaji wake walikuwa tu watu wa filamu bubu waliokataa kubadilika? Jibu langu ni hotuba ya Beckert. Mwishoni mwa M, wahalifu wamemleta katika kiwanda cha pombe kilichoachwa, wameketi safu kwa safu kama mahakama, na Lorre anasema. Anasema kwa muda mrefu, uso wake ukionekana, midomo na maneno vikienda pamoja. Kipimo chochote cha majaribio ya sauti kingeliita tukio hilo la kizamani. Ni mazungumzo ya jukwaani kabisa. Lakini mtu huyu tumemsikia akisema maneno machache mno katika muda wote uliotangulia. Tumesikia mluzi wake, tumeona kivuli chake, tumesikia wengine wakimweleza. Sasa anaeleza kwamba hana hiari, kwamba kuna kitu kinachomfuata barabarani, kwamba analazimika na hataki, na sauti inayompasuka kifuani ina uzito ambao hotuba hiyohiyo isingekuwa nao kama angekuwa amezungumza tangu mwanzo. Mwongozaji mwenye ubahili wa maneno ndiye aliyeweza kuyatumia yote kwa mara moja. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba uzuri wa filamu za mwanzo za sauti umo katika hila za kiufundi. Hila zilikuwa akiba, na hotuba ndiyo matumizi yake.

Njia nyingine iliyojaribiwa miaka hiyo, ya kutusikilizisha mawazo ya mhusika, imezeeka vibaya zaidi. Katika Murder! ya mwaka 1930, Hitchcock alimweka Herbert Marshall mbele ya kioo akinyoa ndevu. Sauti yake iliyonaswa kabla inatamka anachokiwaza, na redio ya chumbani inapiga muziki wa Wagner. Kwa kuwa huko Uingereza sauti bado hazikuweza kuchanganywa baadaye, okestra ya watu wapatao 30 ilipiga moja kwa moja nyuma ya pazia la studio. Mamoulian naye, katika City Streets ya mwaka 1931, aliweka maneno ya zamani juu ya uso wa Sylvia Sidney akiwa gerezani. Yote mawili yalihitaji ujasiri, nami nayaheshimu. Hata hivyo sauti inayoeleza kile ambacho uso ungeweza kukifanya peke yake inarudi kwenye kosa lilelile la kuthibitisha kinachoonekana, isipokuwa safari hii midomo imefungwa. Msomaji aliyelelewa na michezo ya redio anaufahamu mpaka huo vizuri: redioni mawazo husemwa kwa sababu hakuna uso. Penye uso, maneno hayo hugeuka mzigo. Tamthilia nyingi za jioni tunazotazama sasa, zetu zikiwemo, bado zimeubeba mzigo huo na kuufunika kwa kinanda kisichokoma.

Kwa hakika kipindi hicho kilikuwa kifupi. Kufikia mwaka 1933 uchanganyaji wa sauti ulikuwa umekuwa rahisi, kamera zilikuwa zimefungwa makasha ya kuzuia kelele na kuanza tena kutembea, na King Kong ya mwaka huohuo, yenye muziki wa Max Steiner, ilikwisha kuonyesha kwamba okestra inaweza kukaa chini ya mazungumzo kwa filamu karibu nzima. Pengo ambalo Lang aliliacha wazi likajazwa. Mwenyewe alilijaribu wazo lake kwa mara nyingine Ujerumani katika Das Testament des Dr. Mabuse, iliyopigwa marufuku nchini humo mwaka 1933 kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mwanzo wake ni wa kutisha kwa kinyume cha M: mtu amejificha ndani ya karakana ambamo mashine zinaunguruma kwa kishindo hata hatusikii neno lolote linalosemwa mbele yake. Baadaye genge linapokea amri kutoka kwa mtu aliye nyuma ya pazia, ambaye kumtazama ni kifo. Shujaa anapolivuta pazia, anakuta umbo lililokatwa kwa ubao na spika.

Wapo wanaoiweka filamu hiyo juu ya M kwa sababu ya ugunduzi huo, na kwa kuwa ni rahisi kuusoma kama picha ya utawala uliokuwa ukiingia madarakani kwa nguvu ya redio. Mimi siiweki. Pazia la Mabuse ni fumbo lenye jibu, na jibu ni chombo cha umeme. Tukishakiona, sauti ile haina tena mahali pa kutusumbua. Bi. Beckmann anaita jina la mtoto wake kwenye ngazi, na hakuna pazia la kuvuta.